Dakika Tatu za Profesa

Harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe ikinipata popote, hata pale sokoni Kebirigo, mimi husimama. Tulikuwa na ng'ombe mmoja mkaidi aliyetumbukia mtaroni kando ya majani chai, akavunjika mguu. Nyama tulikula wiki nzima, tena tumbo likaniuma, lakini hayo tuyaache. Ngozi ilichukuliwa na babu yangu, akaiwamba kwenye obokano yake, kile kinubi chetu kikubwa chenye nyuzi nane, kinachonguruma kama radi ya mbali. Ilinuka mpaka nyanya akamwambia akalale nayo nje.

Sasa, kanisani kwetu obokano ilihesabiwa chombo cha walevi. Babu aliambiwa akiipiga tena, jina lake litafutwa kwenye kitabu cha kanisa. Akaificha darini. Lakini mama mzee Kerubo, jirani yetu, alikuwa akija mchana kuomba chumvi, na babu anampigia wimbo mmoja polepole. Mimi mtoto wa kike nilishangaa boma lile linavyokula chumvi kama mbuzi.

Mwanawe Kerubo alikuwa profesa huko Nairobi, na magazetini alikuwa akichambua nyimbo, vinyago na michezo ya kuigiza. Tulisikia akisema ngoma fulani ni mbovu, wenye ngoma hiyo hawalali. Nilidhani ni aina ya hakimu.

Kerubo alipofariki, Profesa akaja kuzika. Mzee wa kanisa ndiye aliyeshika ratiba, akampa dakika tatu za shukrani.

"Mama aliniachia neno moja," Profesa akasema. "Apigiwe obokano. Dakika zangu nampa Mogaka huyu."

Akamwonyesha babu, ambaye kumbe alikuja na gunia.

"Chombo cha pombe hakilii hapa!" mzee wa kanisa akafoka.

"Hapa ni kwa mama, mzee wangu. Kanisa liko kule juu."

"Mogaka, ukigusa hizo nyuzi, jina lako tunalifuta!"

Babu alikuwa akifungua gunia. "Futeni vizuri, lisibaki nusu."

Watu wa kanisa wakazima maiki. Profesa akacheka. "Asanteni. Ilikuwa inamharibia sauti."

Babu akapiga. Wale mama wa kwaya, macho chini, mabega yakaanza kuwacheza, mmoja mmoja. Hakuna aliyetazama saa.

Jumamosi iliyofuata, siku yetu ya ibada, jina la babu likafutwa kweli. Miaka mingi nilimchukia Profesa: ametuponzea mzee, halafu akatoweka. Nimeota mvi ndipo nikaelewa babu alikuwa akingoja nini: mtu mmoja aliyesoma asimame mchana kweupe, aseme kazi ya mikono yake ni nzuri. Na Profesa, aliyezoea kusemea mbali kwenye gazeti, siku ile alisema mbele ya watu ambao angezikwa kando yao. Leo wajukuu wa yule mzee wa kanisa wanapigiwa obokano harusini. Mimi bado sijawasamehe waliomfuta babu, na msiniambie nisamehe.

Siku ile ya mazishi, kaburi lilipojazwa, watu wa kanisa waliamua Profesa aombe radhi kabla ya chakula kupakuliwa. Akapangusa udongo viatuni. Akamshika babu mkono kwa mikono yake miwili. Kisha akapita katikati ya viti, akashika barabara ya Keumbu, na hakurudi tena.