Alivyoniacha Ng'ambo ya Mto

Kila Jumamosi asubuhi tulikimbia mbio ndefu, mimi na rafiki yangu niliyesoma naye sekondari. Tulipanda kutoka mjini hadi Old Moshi, kisha tukafuata njia ya miguu kando ya mto. Yeye ndiye aliyenitoa kitandani nikaanza kukimbia, mwaka niliofiwa na mtoto. Nilimwamini kuliko dada zangu wa tumbo moja.

Jumamosi hiyo ya masika mvua ilikuwa imenyesha sana mlimani. Tulipovuka kwenda, maji yalitufika vifundoni.

"Kurudi tupitie darajani," nilisema.

"Daraja liko mbali bwana. Tutavuka hapa hapa."

Tuliporudi, mto ulikuwa umegeuka tope na mawe ya kuvukia hayaonekani. Niliteleza ukingoni, mguu ukateguka, nikashindwa hata kusimama. Aliutazama mguu, akayatazama maji.

"Ngoja nivuke kabla hayajajaa, nikaite watu. Siwezi kukuacha, mwenzangu."

Akavuka akishikilia mizizi, na simu yangu ikiwa kwenye mkoba wake wa kiunoni. Hakugeuka nyuma.

Nilisubiri. Maji yalipopanda nilijivuta juu kwa makalio, huku moyoni nikimtetea: labda watu wako shambani, labda anatafuta kamba. Mwishowe mama mmoja aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kwenye kihamba chake, shamba la migomba la nyumbani, alisikia ninavyoita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uko na nani huku?"

"Na rafiki yangu. Ameenda kuita watu."

Alitazama ng'ambo. Akanipa bega hadi kwake, akanikanda kwa maji ya moto, akaninywesha mtori, supu ya ndizi. Kisha mumewe akanipakia kwenye pikipiki, tukazunguka kupitia darajani.

Nilimwomba anipeleke kwanza kwa rafiki yangu. Niliogopa amesombwa na maji.

Nikiwa bado nachechemea uani, nikasikia sauti yake barazani. Alikuwa ameshaoga, anamnywesha chai mume wangu aliyekuja kuniulizia.

"Shemeji, mbona tuliachana mapema? Alisema amechoka, anapitia kwa shangazi yake Kilema."

Mume wangu aliponiona na tope lile, akasimama. Rafiki yangu akaweka kikombe chini.

"Niliogopa," alisema. "Nilipofika juu nikawaza, wataniuliza kwa nini nimemwacha mwenzangu."

"Simu yangu iko wapi?"

Akaileta. Alikuwa ameizima.

Woga ningeuelewa, hata mimi niliogopa. Lakini alikaa pale akiyajua maji yale, akijua niko wapi, akamwelekeza mume wangu Kilema.

Baadaye alikuja kuomba radhi, amefuatana na mama yake. Nilisema nimesamehe, maana mama yake alinilea kama mwanawe tangu tukiwa sekondari na singeweza kumrudisha hivi hivi. Mguu umepona. Siku hizi nakimbia peke yangu, kwenye lami, na tukipishana njiani tunasalimiana kama majirani.