Baraka Iliyomezwa Mlangoni

Siku ile naikumbuka, mwanangu, hata nikitaka kuisahau. Wanasema mavi ya kale hayanuki. Haya yangu bado yananuka, basi vumilia nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru. Nyinyi vijana wa jirani mnanijua kama msanifu wa majengo aliyeishia kwenye siasa za mkoa. Wakati huo nilikuwa kijana mchora ramani pale Voi, nimepanga chumba mtaa wa Kaloleni, suti moja, maringo mengi. Ukumbi mpya wa baraza niliuchora mimi, na siku ya kuufungua Bwana DC, Mzungu mkuu wa wilaya, angekuja. Nami nilikuwa natamani kuwa mjumbe wa baraza hilo. Nilitaka DC anione, na watu wanione nikionekana na DC.

Sasa, kwetu sisi Wadawida wa milimani, nyumba mpya haiingiwi hivi hivi. Mzee hujaza kinywa pombe ya miwa, akasimama mlangoni, akaipuliza nje pamoja na maneno ya heri, ili kinyongo kitoke na baraka ibaki. Huko ndiko kutasa. Baba alinitasia nilipokwenda shule, akanitasia nilipopata kazi. Aliposikia mwanawe amejenga nyumba kubwa Voi, alishuka milimani kwa miguu, kibuyu begani. Hakuna aliyemwalika. Tangu lini baba akaalikwa kwa mwanawe?

Nilimkuta amesimama kwenye mlango wangu, mashavu yamejaa. Nyuma yangu walikuwa DC na mkewe aliyevaa gauni jeupe. Niliona haya, mwanangu. Nilimshika baba mkono nikamvuta kando.

"Mzee," nikamwambia, "kama ni kutema, nenda huko nyuma ya choo."

Sikusema baba. Nilisema mzee, kama unavyomwita mpita njia. DC akauliza huyo ni nani, nikajibu, "Ni mzee tu wa huko milimani."

Baba alinitazama, akameza. Akafunga kibuyu chake, akaenda zake. Watu wa kwetu wakainamisha vichwa, maana waliiona baraka ikirudi tumboni. Mke wa DC aliusifu mlango, nami nikacheka.

Ujumbe niliupata, DC mwenyewe alinipendekeza. Lakini kila nikiuvuka mlango ule nilihisi namkanyaga mtu. Mwishowe nikapanda nyumbani, nikapiga magoti.

"Baba, nitasie."

Akasema polepole, "Moyo wangu bado una kinyongo. Nikipuliza sasa yatakuwa mate tu. Ngoja upoe, nitakuita."

Nikashuka Voi, nikangoja. Mvua zikaja, zikaisha. Aliponiita alikuwa kitandani, pombe haimpiti kooni. Mama akamtilia maji kinywani. Alijaribu kupuliza, pumzi ikamshinda, maji yakamtiririka kidevuni mpaka kifuani. Niliyakinga kwa viganja nikajipaka usoni, huku nalia. Midomo yake ilicheza, lakini maneno sikuyasikia. Aliaga dunia alfajiri yake, na mpaka leo sijui alisema nini, wala kama moyo ulikuwa umepoa.

Nimejenga mengi tangu hapo, na vyeo nimevikalia. Hakuna hata kimoja kilichoniambia lile neno la baba.

Nimesikia nawe unataka kuomba kura. Haya, omba. Lakini radhi ni bora kuliko mali, na cheo nacho ni mali tu. Baba yako akitokea mbele ya wakubwa na viatu vyake vibovu, mshike mkono umlete mbele, useme wasikie wote, "Huyu ndiye baba yangu." Ni neno dogo, na mimi lilinishinda. Na kama umeshamkosea, usingoje kuitwa. Nenda ukakae kwake, ule naye, ulime naye, mpaka moyo upoe ukiona. Mimi nilidhani kungoja kwangu ni heshima, kumbe kulikuwa woga.

Lete hiyo bilauri ya maji. Sogea karibu nikutasie, usiogope kulowa. Maneno ya baraka yangu sikuyasikia, basi wewe yasikie yako: kinyongo kitoke, heri ibaki. Na kila mlango utakaoufungua, mwanangu, waliokuzaa watangulie kuingia.