Wingu Juu ya Hanang

Kosa langu la utotoni ambalo sijawahi kulirekebisha lina harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi. Juzi jirani alinimiminia maziwa ya mgando kutoka kibuyu cha namna hiyo, nikabaki mlangoni kwake na bakuli mkononi, nikikumbuka kila kitu na moyoni nisisikie chochote.

Nilikuwa na miaka kumi, kwetu Mtinko. Bibi, mama yake baba, alikuwa Mbarbaigi aliyeolewa kwa Wanyaturu, na kitu pekee cha kwao alichokataa kukiacha ni mlima Hanang. Kila asubuhi, kabla maziwa hayajaingia ndani, alisimama kwenye mlango wa zizi, mkono kwenye nguzo ya kushoto, akaugeukia mlima, akamwaga kidogo chini na kuomba mvua. Baba, mzee wa kanisa, wakati huo alijifanya anatafuta jembe. Nilipomweleza Bibi kwamba mwalimu amesema mlima ule zamani ulitema moto, hakushangaa. Alisema ndiyo maana unapewa maziwa.

Mwaka ule mvua ilichelewa, na Bibi akalala kitandani, miguu imevimba. Aliniagiza nikamwage badala yake. Dada yangu Neema alinizidi miaka minne, lakini Bibi alisema mimi ndiye nisiye na haraka.

Nilitoka na kata ya maziwa. Wingu zito lilikuwa limeufunika mlima wote. Nilijua uko upande jua linakochomoza, lakini hilo halikunitosha. Nilitaka kuuelekea sawasawa, nisikosee hata kidogo. Nikasubiri. Nikasogea hatua mbili kushoto, nikarudi. Neema alipita na ndoo akaniuliza kama nasubiri mlima unipigie simu.

Jua lilipanda, wingu halikuondoka. Nzi wakaingia kwenye kata. Mwishowe maziwa nikampa mbwa.

"Umemwaga?" Bibi aliuliza nilipoingia.

"Ndiyo, Bibi."

"Na mlima umeuona?"

"Nimeuona."

Akanishika mkono. "Una bahati, mjukuu wangu."

Alifariki siku ya tatu. Sikulia, na wakubwa wakanisifu kwamba nimejikaza.

Mwaka jana, tukipepeta alizeti, Neema alitaja kama jambo la kawaida kwamba Bibi alikuwa na mtoto wa jicho tangu mimi sijazaliwa. Ukuta wa jirani hakuuona, sembuse Hanang. Alishika ile nguzo ili ajue pa kusimama, kisha akageuza uso mpaka jua limguse mashavu yote mawili. Mimi nilidhani anaishika kwa uchovu.

Nikaendelea kupepeta. Hata hapo machozi hayakuja.

Zizi bado lipo. Nikirudi Mtinko, asubuhi nashika nguzo ya kushoto na kumwaga maziwa, kuwe na wingu au kusiwe. Sisubiri tena.