Mbwa wa Masikio Yaliyokatwa

Nakumbuka siku moja ya kiangazi ambayo ningependa sana kuisahau, mwanangu, lakini imekataa. Nakueleza leo kwa sababu nimesikia wewe na wenzako mmemwendea chifu hapa Garsen, mnataka mbwa mweusi wa yule mwalimu mgeni auawe. Nikauliza amemuuma nani. Nikaambiwa bado, ila ni wa mbegu mbaya, mmeona kwenye simu jinsi wenziwe wanavyorarua watu huko mbali. Basi kaa. Ukitaka kucheka, ngoja nimalize, maana wa kuchekwa ni mimi.

Nilikuwa mke mgeni, nimeolewa upande wa Golbanti, nikilima mpunga pamoja na mavyaa wangu, mama wa mume wangu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akimtambua mtu kwa sauti na kwa mwendo. Shamba letu lilipakana na malka, ile njia ya ng'ombe kushukia mtoni ambayo wazee wetu na wafugaji wa Kiorma walikubaliana tangu zamani. Sharti lake lilikuwa jepesi: siku ya ng'ombe kupita, kila mkulima amfunge mbwa wake, na mbwa wa mfugaji atembee nyuma ya ndama.

Mbwa wa wafugaji walitutisha. Wakubwa, rangi ya vumbi, masikio yamekatwa yakabaki vishina. Tulisema wamezaliwa na fisi. Tulisema wananyweshwa damu. Hakuna aliyeona, lakini tulijiliwaza kwa methali, lisemwalo lipo. Aliyeogopwa kuliko wote alikuwa mbwa wa mzee Galgalo, na hata mbwa huyo, sasa nikifikiri, sikuwahi kumsikia akibweka.

Mimi nilikuwa na jike langu, Tabu, mwembamba, mpole hata kuku wakimpanda mgongoni. Alikuwa amezaa juzi yake tu, chini ya dungu, kile kichanja tunachokaa kuwinga ndege wa mpunga. Asubuhi mavyaa akaniambia, "Ng'ombe wanapita leo. Mfunge mbwa wako." Nikaitika. Kisha nikamwonea huruma mzazi, nikasema moyoni, huyu atamuuma nani? Mwanangu, mbwa wako ni mpole kwako wewe tu.

Ng'ombe wakashuka, vumbi likajaa. Mavyaa akaingia chini ya dungu kutafuta kivuli, akakanyaga pale penye watoto. Tabu akamrukia, akamng'ata kigimbi cha mguu mpaka nyama ikafunguka. Nilikuwa hatua chache tu, niliona kila kitu. Nikambeba Tabu nikamtia kwenye magugu kabla watu hawajafika.

"Mbwa gani huyo?" mavyaa akauliza, ameushika mguu.

Yule wa Galgalo alikuwa akipita na ndama wake, hana habari. Nikasema, "Ni yule wa masikio yaliyokatwa."

Ilikuwa rahisi hivyo. Wanaume walikuwa wameshashika marungu kabla sijamaliza kusema. Adhuhuri wazee wa pande mbili wakakaa, na Galgalo akaja, mtu mrefu, mkimya. "Mimi najua mbwa yangu," alisema. "Hii hakuna siku imetoka nyuma ya ndama." Kisha akanigeukia. "Lakini mama ameumia, na mimi nilikuwa mbele na ng'ombe. Wewe, binti, umeona kwa macho yako?"

"Nimeona, mzee."

"Basi."

Alikataa mbwa wake aguswe na marungu ya watu. Alimtia kamba mwenyewe akaenda naye nyuma ya vichaka, na mbwa akamfuata bila kuvuta. Galgalo akarudi peke yake, na kamba mkononi. Nami nikasikia nafuu, mwanangu. Ndiyo, nafuu.

Kesho yake tukampeleka mavyaa hospitali, mbali, Malindi. Daktari akauliza mbwa yuko wapi. Mume wangu akajibu kwa majivuno kwamba ameshauawa. Daktari akasikitika. "Angekuwa hai mngemfunga siku kumi. Angebaki mzima, tungemsimamishia mama sindano. Sasa hatuwezi kubahatisha na kichaa cha mbwa." Zama hizo sindano zake zilichomwa tumboni, moja kila siku, karibu wiki mbili. Kila asubuhi nilimshika mkono naye akiuma ukingo wa leso asilie, na mimi najua kuwa mbwa aliyemuuma yuko nyumbani, mzima, ananyonyesha. Neno moja lingetosha. Kila siku nikasema nitasema kesho, mpaka sindano zikaisha. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliirefusha kwa tumbo la mtu mwingine.

Tuliporudi, mavyaa akajikongoja mpaka shambani, chini ya lile dungu. Watoto wa Tabu walikuwa wamefumbua macho, wakamjia wakamlamba vidole vya mguu. Akainama, akawapapasa mmoja mmoja.

"Hawa walizaliwa lini?"

Nikapiga magoti, nikaanza kuwaondoa miguuni pake. Akaketi palepale udongoni. Nilidhani atanipiga, na laiti angenipiga. "Nilikuambia umfunge," alisema. "Hilo ningekusamehe siku ile ile. Lakini umeniacha nichomwe tumbo, ukamuua mbwa wa watu, kwa kuwa uliona haya kusema ni wako. Simama twende kwa Galgalo. Hao wengine kijijini utawaambia mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nikamwambia Galgalo, mbele ya mkewe, macho yangu chini. Akaniuliza kama najua kwa nini mbwa wao hukatwa masikio. Nikasema sijui.

"Fisi akija usiku anashika sikio kwanza, anavuta. Mimi nilimkata akiwa mdogo, fisi akose pa kushika. Nyinyi mmeona ukali. Mimi nilimhurumia tu."

Hakunitukana. Tulimpa mtoto mmoja wa Tabu, dume, alipoacha ziwa, akampokea kwa mikono miwili.

Kiangazi kilichofuata ng'ombe wakarudi. Nyuma ya ndama alitembea mbwa wa rangi ya Tabu, aliyekulia jikoni kwangu kwa makombo ya wali wangu, sasa amekua na amekatwa masikio. Wanawake waliokuwa wakivuna nami wakarudi nyuma. Mmoja akasema, "Mwoneni huyo. Mbegu ile ile ya wauaji." Galgalo alisikia. Akasimama, akanitazama, akangoja. Nami nikainama nikaendelea kukata mpunga. Akapiga mluzi, akapita zake.

Ile dhambi ya kwanza niliitenda kwa hofu, nilikuwa mgeni ugenini. Ya pili sina pa kuiegemeza. Nilijua, nikanyamaza, na nimezeeka na aibu yake. Galgalo ameshatangulia, mavyaa pia, na wale wanawake wote. Tangu siku ile kwa Galgalo, wewe ndiye wa kwanza kulisikia neno hili kinywani mwangu.

Sikuambii kwamba mbwa wa mwalimu hawezi kuuma. Taya lake ni kubwa, akiuma ataumiza kuliko Tabu, na kwa hiyo mwenyewe ana wajibu mkubwa wa kumfunga na kumchanja. Mwendeeni mkamwambie hivyo, mkae naye kama majirani. Muulizeni mbwa anakula nini, analala wapi, na watoto gani wanamtupia mawe. Kisha rudini muwaangalie wenu, hao wapole wasiofungwa wala kuchanjwa. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Na siku utakayotoa ushahidi ukaona watu wamekwisha kukubaliana nawe kabla hujafunga mdomo, ogopa, mwanangu. Sema ulichokiona, hata kama atakayeokoka ni mbwa na atakayeaibika ni wewe. Na ukikosea, rudi ukaseme pale pale uliposemea uongo, watu wangali hai.

Mungu akulinde na ulimi wako, akupe moyo mwepesi wa kukiri, na akujaalie majirani wanaouliza mara mbili. Haya, inuka. Chifu hajafunga ofisi.