Waliniambia stima zimepotea, kumbe wanacheza game yangu bila mimi

Niaje wakuu.

Hii kitu ina wiki mbili na bado inanichoma. Sitaongeza chumvi, yaliyopo yanatosha.

Miaka minne sasa tunacheza online, sisi wanne tuliosoma pamoja Njoro. Ni mchezo wa hadithi: kila mtu ana mhusika wake, dadu zinaamua, na mmoja anasimulia.

Msimulizi ni mimi. Ile nchi yote, kuanzia wafalme hadi majina ya mito, niliiunda nikikamua ng'ombe hapa Dundori.

Tunacheza Jumamosi saa tisa mchana. Mwezi uliopita Kibet, mmoja wetu aliyebaki Njoro, akaanza kuandika kwenye grupu: "Boss, stima zimepotea huku Njoro."

Jumamosi tatu mfululizo! Wengine wanajibu chap chap, "Sawa, tuahirishe." Mimi mjinga nikamhurumia.

Ya nne nikachaji power bank yangu kubwa, nikabeba na lita tano za maziwa, maana kwetu huendi kwa mtu mikono mitupu. Nikashuka Njoro bila kupiga simu.

Mamake Kibet akanifungulia mlango kwa furaha. "Karibu! Ingia haraka, wenzako walianza kitambo."

Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Kwenye laptop, ramani yangu. Sauti ya Achieng, mwenzetu wa Nakuru mjini, ndiyo ilikuwa inasimulia, na wote wanacheka. Kwangu walikuwa hawacheki hivyo.

Kibet akageuka, akazima mic.

"Boss, si ubaya. Ni vile ukisimulia lazima tufuate yako. Mtu akijaribu kitu yake unakasirika. Tulishindwa kukuambia."

Nilitaka kuondoka hapo hapo, lakini mathe wake alikuwa ameshamimina chai, na chai ya mama wa mtu haikataliwi. Nikanywa kikombe kizima, Kibet akiangalia sakafu, mathe akiniuliza habari za ng'ombe.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba alisema ukweli. Mimi ni mkali, najua.

Nimejifunza hivi: ukiona watu wanakubali kila kitu unachosema, usifurahi. Uliza.

Lakini na wao wangefungua mdomo. Ningempa Achieng kiti. Ningekaa upande wa wachezaji, hata niwe wa mwisho kurusha dadu. Nilitaka tu kuwa pale Jumamosi.

Nani hapa ameachwa nje ya kitu alichoanzisha mwenyewe? Nitukaneni mkitaka, lakini mtu asiniambie ni game tu.