Fulu Niliomletea Mke Wangu

Mke wangu alizaliwa ufukweni mwa Ziwa Victoria. Mimi ndiye niliyemleta huku juu, karibu na Litein, kwenye ekari mbili za majani chai. Mama yake alipoanza kuugua, aliomba kwenda kumwona, na kila mara nilimjibu, "Tumalize kuchuma kwanza." Nilijua vizuri kwamba kuchuma hakuishi. Ukifika mwisho wa shamba, kule mwanzo kumeshachipua.

Mwaka mmoja aliacha kuomba. Nikaogopa ule ukimya. Nilichimba kidimbwi bondeni, nikaacha kuchuma siku nzima, nikaenda ziwani peke yangu nikamletea fulu ndani ya mtungi wa maziwa. Fulu ni samaki wadogo wa aina nyingi, na nyingi ya aina hizo hazipatikani popote ila katika ziwa lile. Nilidhani akiona kitu cha kwao hamu itaisha.

Jirani alikuja kutazama. "Sasa hawa utawakamua asubuhi au jioni?"

Wiki ya pili nilimwona mmoja amevimba taya, hagusi chakula. Nikamtoa ili nimtupe, nikidhani ni ugonjwa. Mke wangu akanishika mkono.

"Huyo ni mama. Ameweka watoto mdomoni. Hali kitu mpaka watoke." Alimrudisha majini, akafuta mikono kwenye leso. "Kumbe siku ya kwenda ziwani ilipatikana?"

Ningeweza kumwambia afunge mzigo kesho yake. Nilisema, "Alhamisi tunachuma."

Baridi ya Julai iliwaua fulu wote. Agosti mama yake akafariki. Simu ilitukuta kwenye chai, vikapu mgongoni. Alikwenda, akazika, siku ya nne akarudi, akachukua kikapu na kuingia shambani.

Siku hizi magoti yangu yamekataa, na shamba linachumwa na vibarua. Hakuna kinachotuzuia. Juzi nilimwambia mke wangu, "Mama, twende kwenu tukakae hata wiki mbili."

Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa.

"Nikamwone nani, mzee?"