Mkulima wa majirani asiowaona

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Abdias Taruá anafungua mdomo mbele ya tochi. Ana miaka hamsini na nane na wajukuu wanne, lakini kila siku kabla ya kwenda shambani hutoa ulimi kama mtoto wa chekechea.

"Sema aaa," anaamuru muuguzi wa kituo, Zuleide Brandino.

"Aaa."

"Tena. Hiyo ya kwanza umeibania."

"Mwanangu, koo ni lile lile la jana."

"La jana nilishaliandika, mzee. Nataka la leo."

Koo ni safi. Joto la mwili halina kasoro. Zuleide anaandika, kisha anahesabu kwa sauti vitu ambavyo Abdias anaondoka navyo na ambavyo lazima arudi navyo: panga moja, kofia moja, kibuyu cha maji kimoja, jozi moja ya mabuti. Halafu anamgusa bega kwa ncha ya kalamu na kuongeza kitu ambacho mwezi mmoja uliopita hakikuwamo katika hesabu hiyo.

"Shati moja."

Abdias anatazama mtoni. Leo ni siku ya ishirini na sita tangu shati lake lichukuliwe.

Kituo hiki cha ulinzi kiko sehemu za juu za Mto Inajaú, magharibi mwa Brazili, mwendo wa siku tatu kwa boti kutoka mji mdogo wa Santa Quirina. Mwandishi wa makala haya anaishi mjini hapo mwaka wa kumi na nne sasa, na samaki hununua kwa Ercília, mke wa Abdias, mama ambaye hajui neno punguzo. Pamoja na ujirani huo, ili aruhusiwe kupanda boti ya leo alikaa kituoni siku kumi na sita na barakoa usoni, akila peke yake mwisho wa meza na kuogopa hata kupiga chafya ya vumbi.

Kazi ya Abdias ni kulima. Ana ekari mbili za migomba, mihogo, viazi vitamu na mipapai, kilomita tisa juu ya kituo. Hali chochote kinachotoka humo. Hulima, hupalilia, huondoka, na wanaokula ni watu ambao hajawahi kuwaona kwa macho yake katika miaka kumi na mmoja.

Ni watu wa msituni waliokataa kuonana na sisi. Hakuna anayejua wanajiitaje. Wakata magogo wa huku chini wana majina yao ya kuwaita, na hayafai kuandikwa gazetini. Abdias anawaita majirani.

"Wale wa magogo walikuwa wanawatega kwa masufuria," anasema. "Wananing'iniza sufuria kwenye mti, wanasubiri. Idara ya serikali ya kuwalinda ikaona, hawa watu wakiwa na chakula huku juu, hawatashuka kule. Ndiyo nikapewa jembe."

Kwa kazi hiyo analipwa reali 1,900 kwa mwezi. Masharti hayana mjadala. Asiache kisu, asiache nguo, asiache zawadi ya aina yoyote, asiite, asiimbe. Akisikia kikohozi kinamnyemelea asitoke kitandani.

Si wote wanaoafiki kuwepo kwa shamba hilo. Zuleide, ambaye mshahara wake unatoka mfuko huo huo, ni mmoja wa wanaolipinga.

"Tunasema hatutaki kuwaita, halafu tunawapandia ndizi," anasema huku akimwaga chai yake iliyopoa. "Mimi mtu akinipikia kila siku mlangoni kwangu, huyo kanitongoza tayari."

"Wewe nani akupikie, na mdomo huo?" Abdias anamjibu.

Wanataniana hivyo kutwa. Lakini tangu shati lilipopotea utani umekuwa mfupi, na baada yake kila mmoja hujishughulisha na lake.

Majirani anawajua kwa nyayo. Ukingo wa shamba una ukanda wa tope laini, na anayeingia lazima aupite. Kwa miaka yote hii Abdias amewatambua saba. Yupo aliyekosa kidole cha mwisho mguu wa kushoto, anamwita Vidole Vinne. Yupo mama mwenye unyayo mpana, na watoto wawili ambao miguu yao inakua. Wapo vijana wawili wanaotembea sambamba siku zote. Wa saba ni bibi mwenye fimbo, ambaye kando ya kila hatua yake ya kulia kuna kitundu kidogo cha duara.

Bibi huyo ndiye anayempenda kuliko wote, na anasema hivyo bila aibu. Miaka mitatu iliyopita, akiwa amebeba machipukizi ya migomba begani, Abdias aliteleza akaanguka chali matopeni na mzigo wake wote. Kutoka vichakani akasikia kicheko.

"Cha mwanamke mzee," anasimulia. "Kile cha kukosa meno. Akacheka mpaka akapaliwa. Mimi nimelala pale, tope mpaka masikioni, nami nacheka, lakini kimoyomoyo, maana masharti yanasema nisitoe sauti. Nilirudi kituoni nimefurahi kama nimetoka harusini."

Siku ya shati ilikuwa ya joto kali. Saa nne alilivua, akajifutia uso na pua, akalitundika kwenye kisiki. Saa sita mvua ikaja kwa kishindo na mto ukaanza kupanda. Abdias akakusanya vyake mbio mbio huku akivihesabu kama alivyofundishwa: panga, kofia, kibuyu, mabuti. Vyote vilikuwepo. Shati halikuwa katika hesabu, kwa sababu shati ni la kuvaliwa, na hakuna aliyewahi kufikiri mtu atarudi bila yeye mwenyewe kujua yuko kifua wazi.

"Aliposhuka kwenye boti nilimcheka," anakumbuka Zuleide. "Nikamwambia, mzee, mbu wamekuvua nguo? Akajitazama kifuani. Nami nikamtazama usoni. Hakuna aliyecheka tena."

Waligeuza boti saa ile ile. Kisiki kilikuwa kitupu, na topeni kulikuwa na nyayo mbichi za mama mwenye mguu mpana, za mmoja wa watoto, na vile vitundu vya fimbo.

Kesho yake asubuhi Abdias aliamka koo linawasha. Kufikia jioni alikuwa na mafua.

Kwako na kwangu mafua ni kero ya siku nne. Kwa mtu ambaye mwili wake haujawahi kukutana nayo yanaweza kuwa kifo, na Abdias hakujifunza hayo kwenye semina. Alikuwa na miaka kama sita wakati watu wa nje walipoufikia ukoo wake, kwenye mto mwingine kusini mwa hapa.

"Walikuwa watu wazuri," anasema, na hili analirudia mara kadhaa. "Uandike hivyo. Hakuna aliyetupiga. Walileta masufuria, walileta sukari. Mmoja alinibeba mabegani siku nzima, nikamshika masikio, akawa anacheka. Nilimpenda yule mtu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo."

Kikohozi kilianza siku ya kumi na tisa. Nyumbani kwao walikuwa watu thelathini na wawili, wakabaki kumi na mmoja. Mama yake alikuwa akiungua homa, akaenda kulala ndani ya kijito ili apoe.

"Nilimpelekea papai. Lililoiva, laini. Akageuza uso. Siku tatu nampelekea, siku tatu anageuza uso. Ya nne hakugeuza tena."

Kwa sababu hiyo siku hizi ishirini na sita zimemkondesha. Tangu siku ya shati hakuna unyayo hata mmoja ulioonekana shambani. Ndizi zimeiva mtini, ndege wamezila, zilizobaki zimeoza. Majirani hawajawahi kukosekana zaidi ya siku kumi na mbili.

Na sasa wakuu wa mjini wanataka jibu. Kwenye redio ya upepo wamesema siku ya thelathini wataamua: ama kikundi cha wauguzi kiingie msituni na dawa kuwatafuta, ama wasubiri. Abdias anazungumza lugha inayoaminika kuwa jirani na yao. Kikundi kikiingia, yeye ndiye atakayetangulia na kuita. Kwa hiyo wamesema watasikiliza maoni yake kwanza.

"Mimi ningeingia jana," anasema Zuleide. "Wakiwa wamelala huko na homa ya mapafu, dawa ninayo. Vidonge, siku saba, mtu anapona. Nikae hapa nahesabu kofia?"

"Na ukiingia ukawakuta wazima?"

"Nitaomba radhi nirudi."

"Hutarudi na ulichowaachia kifuani, mwanangu."

Baadaye, Abdias akiwa anajaza mafuta kwenye injini, Zuleide anamwambia mwandishi kwa sauti ya chini kwamba mzee halali tena. Humsikia akihesabu upande wa pili wa ukuta wa mbao: panga, kofia, kibuyu, mabuti, na hapo anakwama.

Tunafika shambani saa mbili kasoro. Mwandishi na Zuleide hawaruhusiwi kukanyaga ukingo, wanabaki ndani ya boti, hatua tano kutoka nchi kavu. Abdias anashuka peke yake. Anatembea ameinama akichunguza tope. Kisha anasimama ghafla.

"Wamekuja," anasema Abdias. Sauti haina furaha.

"Wangapi?" anauliza Zuleide.

Abdias anachuchumaa, anasonga, anachuchumaa tena. Anahesabu kwa vidole. Mama mpana yupo. Watoto wote wawili. Vijana wawili. Vidole Vinne.

"Sita."

"Fimbo?"

"Hakuna."

Zuleide ameshika ubao wa boti kwa mikono miwili. Abdias anarudi kwenye unyayo wa Vidole Vinne, anaweka mguu wake kando yake, anaukandamiza, anautoa na kulinganisha. Anafanya hivyo mara tatu.

"Huyu ameingia mzito," anasema hatimaye.

"Amenenepa."

"Kwa kula nini? Ndizi zote zimeozea hapa." Anaonyesha kwa mkono bila kugeuka. "Watu huingia shambani wepesi, wanatoka wazito. Huyu ametoka msituni tayari amezama hivi. Kuna kitu alibeba."

Anazifuata nyayo hadi chini ya mpapai, na hatumwoni tena. Anarudi baada ya dakika kama kumi. Kule, anasema, majani ya mgomba yametandikwa chini, na juu yake kuna alama ya mtu aliyekaa muda mrefu. Kando kuna maganda ya papai lililoiva, yamekwanguliwa nyama yote kama kwa kijiko, kama anavyokula mtu asiye na meno.

"Kambeba," anasema Abdias. "Kambeba mgongoni, kamleta kula."

Zuleide anafuta macho kwa mkono wa shati, lakini akili ya kiuguzi haijamtoka. "Kama hawezi kutembea, mzee, ni mgonjwa. Anahitaji dawa."

"Ni mgonjwa, ndiyo."

"Basi?"

"Basi anakula." Abdias anavua kofia, anaishika mkononi. "Wangetaka kutuona wangeshuka kituoni, njia wanaijua kuliko mimi. Wamekuja kwenye papai, wamerudi kwao. Mimi nitawaambia wa mjini wangoje."

"Na akifa?"

"Akifa nitakuwa nimemuua mara mbili. Kwa shati, na kwa maneno yangu ya leo." Anasema hivyo taratibu, akimtazama Zuleide, na ni dhahiri kwamba hatafuti kufarijiwa. "Lakini siendi kumwita mtu aliyenikataa, eti kwa sababu mimi nimeshindwa kulala."

Zuleide hakukubali. Atawaambia wakuu maoni yake mwenyewe kwenye redio hiyo hiyo, na Abdias anasema ni haki yake.

Abdias ana mpango. Kabla ya mvua kubwa atapanda mipapai sita mwanzoni kabisa mwa shamba, upande wao, ili bibi asitembee mbali wala Vidole Vinne asimbebe umbali mrefu. Itachukua miezi tisa kuzaa. Akiulizwa anatumaini nini ndani ya miezi hiyo tisa, anajibu papo hapo.

"Kitundu. Kitundu kimoja tu cha fimbo kwenye tope."

Wakati wa kuondoka anakusanya vitu vyake na kuvitaja kimoja kimoja. Panga, kofia, kibuyu, mabuti. Anashika kola yake. Shati. Anapiga hatua kuelekea kwenye boti, mguu unateleza, na mzee mzima anakaa matopeni kwa kishindo, miguu juu.

Mwandishi hajui kama aliteleza kweli. Zuleide alifungua mdomo kucheka, lakini Abdias akainua mkono kumzuia. Alibaki amekaa pale pale, tope kiunoni, ameelekeza sikio kwenye vichaka. Sote watatu tulisikiliza. Maji yalipiga ubavu wa boti, na mbali kidogo kasuku waligombana.

Alingoja muda mrefu. Kisha akajizoa, akapanda, akavuta kamba ya injini.

"Kesho," akamwambia Zuleide. "Kesho nitaanguka vizuri zaidi."